HESABU ZA NYUMBANI: Fedha ya Uzee na Ada ya Mtoto

Siku hizi katika vijiji vyetu vingi hukosi kuiona nyumba yenye mtoto, au mjomba, au shangazi anayeishi Marekani. Wengine walikwenda kusoma, wakapata kazi huko. Wengine wameoa au kuolewa huko. Wengine walipitia kambi za wakimbizi kwanza. Na kila nyumba ya namna hiyo imezoea neno moja: "Fulani yuko Marekani, yeye atalipa ada." Lakini Fulani akijibu kwamba fedha anayo, ila hawezi kuitoa, watu nyumbani hutazamana. Wazee huguna. "Fedha unayo, tena huwezi kuitoa? Hayo ni maneno ya mtu aliyesahau kwao."

Je, ni kweli amesahau kwao? Yawezekana. Lakini yawezekana pia kwamba anasema kweli tupu. Kule Marekani fedha ya mtu wa kazi haikai yote katika mfuko mmoja. Sehemu imewekwa kwa ajili ya uzee wake. Sehemu imewekwa kwa ajili ya masomo ya watoto wake. Na sheria ya kodi imeweka mlango katika kila ghala. Ukiitoa fedha kwa mlango wake, hulipi kodi, au walipa kidogo. Ukiitoa kwa mlango usio wake, serikali hukata kipande kikubwa kabla fedha haijamfikia mwalimu.

Juma hili basi natuitazame milango hiyo, mmoja mmoja. Yafaa kwa wazazi wenye watoto huko, maana wajukuu wao ndio wanaoingia vyuo vya Marekani sasa. Yafaa pia kwetu tulio nyumbani, ili tujue la kuomba na lisilofaa kuombwa.

AKIBA YA MASOMO

Tuanze na ghala iliyojengwa kwa masomo hasa. Yaitwa 529. Jina hilo ni namba tu ya kifungu cha sheria ya kodi ya Marekani, kilichotungwa mwaka 1996. Kila jimbo laweza kuendesha mpango wake. Mzazi, babu, au rafiki hufungua akiba na kuandika jina la mwanafunzi mmoja. Fedha anayoitia imekwisha kulipiwa kodi ya serikali kuu, naye hapati punguzo la kodi hiyo kwa kuitia, ingawa majimbo mengi hutoa punguzo katika kodi yao wenyewe. Lakini faida inayozaliwa humo ndani haitozwi kodi mwaka kwa mwaka. Na tangu mwaka 2002, fedha ikitolewa kwa gharama za chuo zinazokubaliwa, faida hiyo haitozwi kodi hata siku ya kutoka.

Gharama gani zinakubaliwa? Ada ya chuo, malipo yanayolazimishwa, vitabu na vifaa vya masomo, kompyuta na intaneti ya mwanafunzi. Chakula na malazi pia, kama mwanafunzi anasoma walau nusu ya masomo ya mwanafunzi wa kawaida. Hapa pana mpaka: akipanga chumba nje ya chuo, hawezi kuhesabu zaidi ya kiasi ambacho chuo chenyewe kimekadiria kwa chakula na malazi. Nauli ya ndege haimo. Bima ya matibabu haimo. Nguo hazimo. Mzazi akitoa fedha ya 529 ili amnunulie mtoto tiketi ya kuja kuwasalimu bibi na babu, ametoka kwa mlango usio wake.

Akifanya hivyo hupatwa na nini? Ile fedha aliyoitia mwenyewe haitozwi tena. Faida ndiyo inayotozwa: kwanza kodi ya mapato ya kawaida, kisha juu yake sehemu 10 katika 100. Tuseme baba aliweka dola 6,000, zikakua hadi 10,000. Faida ni dola 4,000. Akiitoa yote kwa jambo lisilo la masomo, na kodi ya mapato yake ni 12 katika 100, atalipa dola 480, kisha dola 400 za nyongeza. Jumla dola 880 zimekwenda bure.

Sheria hii imepanuliwa mara kwa mara. Tangu mwaka 2018 akiba hiyo yaweza kulipa hata ada ya shule ya msingi na ya sekondari. Mpaka ulikuwa dola 10,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, na sheria ya mwaka 2025 imeupandisha kuwa dola 20,000 kuanzia mwaka 2026. Lakini si majimbo yote yanayolikubali jambo hilo katika kodi zao. Tangu 2019 inaruhusiwa kulipa deni la masomo, mwisho dola 10,000 kwa mtu mmoja katika maisha yake yote. Hata mafunzo ya ufundi ya wanagenzi walioandikishwa rasmi yameingizwa.

Na mtoto akikataa kusoma? Hapo wengi huogopa, wakidhani fedha imepotea. Sivyo. Baba aweza kulibadili jina la mwanafunzi na kumwandika mwingine wa jamaa ya yule wa kwanza: ndugu yake, mzazi wake, binamu yake, au mtoto wa ndugu yake. Hapana kodi kwa badiliko hilo. Na mtoto akipata zawadi ya masomo kutoka chuoni, mzazi aweza kutoa fedha kiasi cha zawadi ile. Faida itatozwa kodi ya mapato, lakini ile nyongeza ya 10 katika 100 itasamehewa.

Tangu mwaka 2024 pana njia nyingine tena. Fedha iliyobaki katika 529 yaweza kuhamishwa iwe akiba ya uzee ya mwanafunzi yule yule, katika namna iitwayo Roth, ambayo nitaieleza sasa hivi. Masharti yake ni haya: akiba iwe imefunguliwa miaka 15 au zaidi, fedha iliyotiwa katika miaka mitano ya mwisho haihami, kijana awe na mapato ya kazi, kwa mwaka asipitishe kiwango cha kawaida cha Roth, na jumla isizidi dola 35,000 katika maisha yake. Mtoto wa mwaka mmoja aliyefunguliwa akiba leo atakuwa amelitimiza sharti la miaka 15 kabla hajaingia chuo.

Kuna pia ghala ndogo iitwayo Coverdell, kwa jina la marehemu Seneta Paul Coverdell wa Georgia. Humo haziingii zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, tena kabla hajatimiza miaka 18, na wenye mapato makubwa hawaruhusiwi kuzitia. Kwa kawaida fedha yake sharti iwe imetumika kabla mtoto hajapita miaka 30. Wengi leo hupendelea 529 kwa kuwa haina kibano hicho.

AKIBA YA UZEE

Sasa tuje kwenye ghala ya uzee. Hapa ndipo makosa makubwa hutokea, maana majina yanafanana na sheria hazifanani.

Ya kwanza ni akiba ya kazini. Yaitwa 401(k), nayo pia ni namba ya kifungu cha sheria, cha mwaka 1978. Mwajiri hukata sehemu ya mshahara na kuiweka, na mara nyingi huongeza fedha yake juu. Ya pili ni akiba ya mtu mwenyewe, huitwa kwa herufi tatu IRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1974. Ya tatu ni IRA ya namna ya Roth, iliyoanza mwaka 1998 na kuitwa kwa jina la Seneta William Roth wa Delaware.

Katika 401(k) ya kawaida na IRA ya kawaida, mtu hupata punguzo la kodi anapoweka, kisha hulipa kodi anapoitoa uzeeni. Katika Roth ni kinyume: hulipa kodi kwanza, kisha uzeeni huitoa fedha na faida yake bila kodi. Na katika zote kuna ulinzi mmoja: anayeitoa fedha kabla ya miaka 59 na nusu hutozwa nyongeza ya 10 katika 100 juu ya kodi. Serikali imeweka fimbo hiyo ili mtu asile mbegu kabla ya kupanda.

Lakini je, fimbo hiyo hupiga hata yule anayelipa ada ya mtoto? Jibu ni hili, na tafadhali lisome mara mbili: katika IRA, hapana, katika 401(k), ndiyo.

Mwenye IRA akitoa fedha kulipa gharama za chuo, anasamehewa ile nyongeza. Msamaha huo ulianza mwaka 1998. Lakini anasamehewa nyongeza tu. Kodi ya mapato katika IRA ya kawaida bado anaidaiwa. Mwenye 401(k) hana msamaha huo. Mipango mingi ya kazini humruhusu mfanyakazi kutoa fedha kwa shida kubwa, na ada ya chuo yaweza kuhesabiwa shida. Watu husikia "umeruhusiwa," wakadhani wameambiwa "umesamehewa." Kuruhusiwa na mwajiri si kusamehewa na mtoza kodi. Haya ni maneno mawili mbalimbali.

Na Roth? Roth ina utaratibu wake. Fedha aliyoitia mwenyewe hutoka kwanza, na hutoka bila kodi wala nyongeza, wakati wowote, kwa jambo lolote. Faida hutoka mwisho. Akiifikia faida kabla ya miaka 59 na nusu na kuilipia chuo, hasamehewi kodi ya mapato, ila nyongeza husamehewa.

DOLA 10,000 KWA MILANGO MINNE

Tufanye hesabu, kama tulivyozoea katika ukurasa huu. Baba mmoja ana miaka 45. Anaishi Marekani na mkewe, na kodi yao ya mapato kwa dola za mwisho ni 12 katika 100. Binti yao ameingia chuo, na bili ni dola 10,000. Kodi ya jimbo tuiache kando, maana kila jimbo lina yake.

Akiitoa katika 529, kodi ni sifuri. Dola 10,000 zinatoka, dola 10,000 zinafika.

Akiitoa katika Roth, katika fedha aliyoitia mwenyewe, kodi ni sifuri vilevile.

Akiitoa katika IRA ya kawaida, atadaiwa kodi dola 1,200. Nyongeza hana. Zimebaki dola 8,800.

Akiitoa katika 401(k), atadaiwa kodi dola 1,200, na nyongeza dola 1,000. Zimebaki dola 7,800. Na kama anataka chuo kipate dola 10,000 kamili, itambidi atoe karibu dola 12,820.

Baba ni yule yule, binti ni yule yule, bili ni ile ile. Mlango tu ndio uliobadilika, na dola 2,200 zimepotea njiani. Kwa fedha hiyo mwanafunzi angeweza kununua vitabu na kompyuta.

Kama baba huyo amekwisha kuacha kazi fulani na 401(k) ya kazi ile bado iko, pana njia halali. Aweza kuihamisha moja kwa moja iwe IRA, bila kuigusa kwa mkono wake, na baadaye kuitoa humo kulipa chuo. Ile nyongeza ya dola 1,000 itaondoka. Lakini aliyeacha kazi katika mwaka aliotimiza miaka 55 au baadaye asifanye haraka, maana yeye amesamehewa nyongeza katika 401(k) ya kazi ile hata bila kuhamisha.

Njia nyingine ni kukopa katika 401(k), kama mpango wa kazi yake unaruhusu. Kwa kawaida aweza kukopa hadi nusu ya akiba iliyo haki yake, lakini si zaidi ya dola 50,000, na kulipa katika miaka mitano. Mkopo unaolipwa vema hautozwi kodi. Hatari yake ni moja: akiacha kazi au akiachishwa, deni lililobaki laweza kuhesabiwa kama fedha aliyoitoa. Hapo kodi na nyongeza humwangukia wakati ambapo hana mshahara.

DOLA MOJA HAIDAIWI MARA MBILI

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Serikali ya Marekani humpa mzazi punguzo linalokatwa katika kodi yenyewe kwa ajili ya mwanafunzi aliye katika miaka minne ya kwanza ya chuo. Punguzo hilo lafika dola 2,500 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi: dola 2,000 za kwanza za ada na vitabu zinarudishwa zote, na dola 2,000 zinazofuata zinarudishwa robo yake. Hupungua kwa mtu wa peke yake mwenye mapato yanayozidi dola 80,000 na kwisha yakifika 90,000. Kwa mume na mke wanaohesabu pamoja ni dola 160,000 na 180,000.

Sheria yasema: dola ile ile ya ada haiwezi kupata neema mbili. Ukiilipa ada yote kwa 529 bila kodi, hapana ada iliyobaki ya kudaia punguzo. Basi mzazi mwenye busara huacha ada na vitabu vya dola 4,000 alipe kwa mshahara wake, au kwa mkopo wa masomo, apate zile dola 2,500. Fedha ya 529 huipeleka kwenye ada iliyosalia, na kwenye chakula na malazi, ambavyo punguzo hilo halivihesabu. Zawadi ya masomo isiyotozwa kodi nayo lazima itolewe kwanza katika hesabu ya gharama, kabla ya kusema ni kiasi gani kinakubaliwa.

Tena kuna suala la mwaka. Fedha itolewe mwaka ule ule ambao gharama imelipwa. Bili ya chuo ikilipwa Desemba na fedha ikitolewa Januari, vitabu vya hesabu havikubaliani, na mtoza kodi huuliza. Chuo kikirudisha ada kwa sababu mwanafunzi ameacha masomo, mzazi ana siku 60 za kuirudisha fedha ile katika 529 bila kodi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti ya chuo, ya vitabu na ya chumba ziwekwe. Mwaka wa kodi ukiisha, mpango wa 529 huleta fomu 1099-Q, na chuo huleta fomu 1098-T. Aliyetoa fedha katika IRA huandika msamaha wake katika fomu 5329. Asipouandika, atadaiwa nyongeza ambayo sheria ilimsamehe.

Na anayeomba msaada wa masomo wa serikali ajue hili pia. Fedha ikilala katika 401(k) au IRA, wapimaji wa msaada hawaihesabu kuwa mali. Siku anapoitoa, inageuka kuwa mapato katika hesabu yao. Tena wao hutazama mapato ya miaka miwili nyuma. Aliyeitoa fedha kumlipia mtoto mwaka wa kwanza, aweza kuukuta msaada wa mwaka wa tatu umepungua.

NASI TULIO NYUMBANI

Sasa tusikilizane, ndugu zangu. Sheria ya Marekani haina neno "ukoo" kama tulijuavyo sisi. Kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wako. Katika msamaha wa IRA, jamaa ni mtu mwenyewe, mkewe au mumewe, watoto wao na wajukuu wao. Basi. Mtoto wa kaka hamo. Mjomba mwenye miaka 45 akiitoa IRA yake kulipa ada ya mpwa wake, atatozwa kodi na nyongeza pia, hata kama yeye ndiye aliyemlea mpwa huyo tangu akinyonya.

Katika 529 jina la mpwa laweza kuandikwa, lakini sharti awe na namba ya kodi ya Marekani, na mtoto wa kijijini kwa kawaida hana. Na hata kwa mtoto wake mwenyewe aliyerudi kusoma huku, chuo lazima kiwe miongoni mwa vyuo vinavyokubaliwa katika mpango wa misaada ya masomo wa serikali ya Marekani. Viko vyuo vya nje katika orodha hiyo, lakini chuo chema cha kwetu kisichokuwamo hakihesabiwi, hata kikiwa na walimu hodari namna gani. Tena mpwa aliye kijijini, kama si raia wala mkazi wa Marekani, Canada au Mexico, hawezi kuandikwa kuwa mtegemezi wa mjomba katika hesabu ya kodi, wala ada yake haimletei mjomba punguzo lile la dola 2,500.

Kwa hiyo fedha ya kumsaidia mtoto wa nyumbani yafaa itoke katika mshahara, au katika akiba ya kawaida ya benki, au kama hapana budi, katika fedha aliyoitia mtu katika Roth. Haifai itoke katika 401(k). Mtu anayeandika, "Fedha iko katika akiba ya uzee, siwezi kuitoa," huenda anasema hivi: "Nikitoa dola 100 ninyi mtapata 78 au pungufu, na mimi nitazeeka bila kitu."

Na hilo la mwisho ndilo zito kuliko kodi. Ada ya chuo yaweza kukopwa. Yaweza kupunguzwa kwa zawadi ya masomo. Mtoto aweza kufanya kazi jioni, au kuanza katika chuo cha bei nafuu karibu na nyumbani. Lakini hapana benki inayomkopesha mzee siku za uzee wake. Wala fedha iliyotolewa hairudishwi kwa mara moja, maana sheria huweka kiwango cha kuweka kila mwaka. Katika IRA mwaka 2025 kiwango kilikuwa dola 7,000 kwa aliye chini ya miaka 50. Dola 10,000 zilizoachwa zikue kwa 5 katika 100 kila mwaka zitafika karibu dola 26,500 baada ya miaka 20. Aliyezitoa leo ametoa hizo zote.

Wengine watasema: "Kwetu mtoto ndiye akiba ya uzee." Neno hilo ni kweli, nalo ni zuri, wala silipingi. Lakini lifikirini mpaka mwisho wake. Mzazi anayeibomoa ghala ya uzee ili amsomeshe mtoto, amemwachia mtoto yule mizigo miwili: deni la kuanza maisha, na wazazi wawili wasio na posho, katika nchi ambayo kodi ya nyumba haingoji mwisho wa mavuno. Mtoto atawatunza kwa moyo. Je, mshahara wake utakubali?

Basi, mkimwandikia aliye Marekani juu ya ada, ya mtoto wake huko au ya mtoto wa nyumbani, msianze na kiasi. Mwulizeni maneno matatu. Fedha hiyo iko ghala gani: ya masomo, ya uzee, au ya mkononi? Mtoto huyo na chuo hicho vinakubaliwa katika sheria ya ghala hiyo? Na ikitoka mwaka huu, itakatwa kiasi gani? Kama hajui majibu, amwendee mtu wa hesabu za kodi huko aliko kabla hajatia sahihi. Kuuliza si ujinga, na swali la nusu saa laweza kuokoa dola elfu.

Naye akijibu kwamba ada ya mwaka huu ataweza nusu tu, kutoka katika mshahara wake, pokeeni nusu hiyo kwa shukrani, na nusu nyingine tuitafute hapa: kwa mbuzi, kwa kahawa, kwa chama cha akiba. Haba na haba hujaza kibaba. Hivyo mtoto atasoma, na yule aliye mbali atazeeka akiwa na chakula mezani mwake.

Tuonane juma lijalo.